Kurudisha mgodi wa zamani wa urani kwenye matumizi mengine: amua mwisho kwanza

Wengi wakikabidhiwa mgodi wa urani uliofungwa wanakimbilia kuleta tingatinga. Subiri kwanza. Kabla hujagusa kifusi amua hiyo ardhi itakuja kuwa nini, maana malisho, msitu, sola na makazi kila kimoja kina kiwango chake cha usafi, na kwa makazi niseme tu ukweli, mara nyingi jibu ni hapana. Radoni, gesi yenye mionzi isiyoonekana wala kunuka, ikitoka ardhini mahali pa wazi upepo unaipeperusha, ikipenya kwenye sakafu inajazana ndani na watu wanaivuta usiku kucha. Kule Grand Junction, Colorado, mchanga uliobaki kiwandani baada ya urani kutolewa watu waliuchukua wakajengea na kujazia misingi, matokeo yake maelfu ya majengo yakaja kufanyiwa usafi baadaye.

Ukishaamua, pima. Tembea eneo zima kwa mistari na kipimo cha mionzi ya gama kikiwa kama mita moja juu ya ardhi, huku GPS inarekodi, halafu chukua sampuli za udongo kwa tabaka, usichanganye. Marekani kwa mfano radiamu-226 (metali yenye mionzi inayozaa radoni) kwenye sentimita 15 za juu za udongo isizidi pikokyuri 5 (kizio cha mionzi) kwa gramu juu ya kiwango cha asili, na kwenye tabaka za chini zaidi isizidi 15. Na hicho kiwango cha asili utakipata kwa kupima jirani ambako hakujachimbwa, usipofanya hivyo utajikuta unahangaika kusafisha mionzi iliyokuwepo kabla mgodi haujazaliwa.

Sasa tenganisha mawe taka (yaliyochimbwa bila kusindikwa) na topesumu (mchanga na tope linalobaki kiwandani baada ya kusaga mawe na kutoa urani). Topesumu ndiyo kesi kubwa, urani imeshatolewa lakini karibu asilimia 85 ya mionzi ya ile mbale (mawe yenye urani) imebaki humohumo kwa sababu thoriamu na radiamu hazikuguswa, na radiamu yenyewe inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu tu. Kama bwawa la topesumu liko pabaya, hamisha. Moab, Utah, rundo la tani kama milioni 16 lilikuwa kando kabisa ya mto Colorado, tangu 2009 wakaanza kulibeba kwa treni kwenda Crescent Junction. Ghali ndiyo, ila mto hauhamishiki.

Mawe taka mara nyingi yanarudi shimoni, lakini yasimwagwe ovyo. Ronneburg, Ujerumani, walipojaza shimo la Lichtenberg mawe yenye pairaiti nyingi (madini ya chuma na salfa), yale yanayotengeneza asidi yakipata hewa na maji, waliyaweka chini kabisa ambako maji yatapanda na kuyafunika yasipate hewa, yale yasiyo na shida yakaja juu. 2007 sehemu ya eneo hilo ikawa na maonyesho makubwa ya bustani ya taifa.

Kifuniko cha topesumu: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa chini, juu yake udongo mnene wa kutosha mizizi, na mawe kwenye miteremko ili mvua isile. Usibane unene wa huo udongo wa juu, maana mfinyanzi ukikauka unapasuka, na kwenye nyufa maji yanashuka, radoni inapanda. Miti ya mizizi mirefu usipande hapo, wanyama wanaochimba mashimo nao uwadhibiti, na kama ni sola basi nguzo zisichomekwe chini, paneli zikae juu ya vitalu vya zege.

Halafu maji, hapa ndipo bajeti nyingi zinapofia. Ukizima pampu zinazotoa maji mgodini, mgodi unajaa na siku moja maji yanatokea bondeni yakiwa na chuma, urani, saa nyingine na aseniki. Chokaa inapunguza asidi na kugandisha metali, bariamu kloridi inashusha radiamu, lakini lile tope linalobaki nalo lina mionzi kwa hiyo andaa pa kulizika. Ujerumani walianza ukarabati mwaka 1991 na maji bado wanayatibu, kwa hiyo weka hela ya miongo, sio ya mradi wa miaka mitano.

Mifugo usiiruhusu kabla ya kupima nyasi na maji ya kunywa, maana radiamu kikemia inafanana na kalsiamu, mmea unaivuta na mfupa unaihifadhi. Na masharti yote (marufuku kisima, marufuku kuchimba, marufuku nyumba) yaandikwe kwenye hati ya ardhi yenyewe pamoja na ramani, sio kwenye ripoti tu, maana atakayenunua kiwanja miaka 40 ijayo ripoti hataisoma ila hati ataiangalia.