Kabla mgonjwa hajaweka dole gumba

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Dodoma. Fomu ya ridhaa, ile ambayo mgonjwa anasaini au kuweka dole gumba kukubali kupasuliwa, ipelekeni siku moja kabla ya upasuaji, siyo mlangoni mwa chumba cha upasuaji mgonjwa akiwa tayari juu ya machela. Daktari atakayepasua ndiye aeleze. Muuguzi akae karibu asikilize kilichorukwa.

Vuta kiti, keti. Mweleze tatizo lake, kitakachotolewa, nusukaputi au ganzi ya mgongo, hatari kama kuvuja damu na kidonda kutunga usaha, tiba nyingine zilizopo, na itakuwaje akikataa. Bibi wa Chamwino anayejieleza vizuri kwa Kigogo mtafutie mhudumu anayekijua. Mjukuu asitafsiri, ataficha mabaya kwa huruma.

Usimuulize "umeelewa?" Karibu kila mtu hujibu ndiyo. Sema: "Bibi, wanao wakija jioni, utawaambia kesho unafanyiwa nini?" Akisema anatolewa uvimbe tu, kumbe ni kizazi chote, anzeni upya, hata kama orodha ya kesho ni ndefu.

Mume au mjomba ashauri, ila mtu mzima mwenye akili timamu hukubali mwenyewe, na anaweza kughairi hata akishasaini.