Umeacha ngano na tumbo bado linasumbua? Cheki haya kabla hujaacha chakula kingine

Siku hizi mtu anaacha chapo, mkate na mandazi, tumbo linaendelea kujaa gesi vilevile, basi anaacha mayai, kesho nyanya, mwisho anabaki na wali mkavu. Tulia kwanza.

Ulipimwa siliaki kabla ya kuacha? Huo ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyo kwa ngano na shayiri, inafanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Kile kipimo cha damu cha tTG-IgA kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatoa ukiwa bado unakula gluteni, ukishaacha miezi kadhaa zinashuka na majibu yanaweza kutoka safi hata kama ugonjwa unao. Daktari anaweza kukurudisha kwa ngano wiki kadhaa ndio upimwe, lakini hiyo usijiamulie. Na kama siliaki imethibitishwa, jua utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka, hata miwili, kupona.

Halafu jiulize kama gluteni imetoka kweli, maana hapa ndio wengi tunajidanganya. Unga wako wa wimbi umesagwa posho mill ileile iliyotoka kusaga ngano. Chips za kibanda zimepita kwa mafuta ya mandazi, na bhajia usiamini ni dengu tupu mpaka umuulize anayekoroga. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano, bia ina shayiri, soseji na smokie soma pakiti. Nyumbani pia, ile pan ya chapo yenye unga uliogandia pembeni usikaangie mayai yako.

Maziwa nayo. Utumbo ukiumia, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa unashuka, kwa hivyo chai ya maziwa asubuhi na jioni inaweza kuwa ndio shida yenyewe. Kunywa strungi wiki mbili uone.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba ngano ina fruktani pia, aina ya sukari ambayo tumbo haliisagi vizuri, na kuna wanaosumbuliwa na hiyo, sio gluteni. Fruktani ziko kwa vitunguu na kitunguu saumu, yaani karibu kila sufuria ya Nairobi, na maharagwe ya githeri yana sukari za aina hiyo zinazoleta gesi. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga hayo maji, chemsha na mengine, inasaidia kiasi.

Kama unanunua maji ya mkokoteni usiyojua yametoka wapi, peleka choo maabara, vimelea vya giardia na amiba vinaleta dalili hizi hizi, na uulize pia kuhusu H. pylori, bakteria wa tumboni. Tafadhali usikimbilie kemisti kununua dawa ya amiba kwa kukisia.

Ukiona damu kwa choo, unakonda bila sababu, damu imepungua au kuharisha kunakuamsha usiku, achana na majaribio ya jikoni uende hospitali mapema. Siku ya kwenda beba daftari lenye ulichokula, saa ngapi, tumbo likaanza lini, na dawa zote unazomeza, hata zile za mitishamba.