Somo: Taka za kiwanja cha ndege, tangu mlangoni mwa ndege hadi jaani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Vijana walioanza kazi ya usafi kiwanjani Kisauni, hapa Unguja, wameniomba niwaandikie namna ya kushika taka za ndege. Nawaandikia wao, na wenzetu wa Pemba wasome pia.

Mkishika neno moja, mengine yatafuata: taka zitengwe pale pale zinapotoka. Polo likishachanganyika, mchuzi ukaloweka karatasi na betri ikazama humo, hapana tena wa kuzichambua. Polo zima huhesabiwa kwa ile taka mbaya kuliko zote iliyomo ndani.

Kwanza, kabla ya kupanda ndege. Vaa glavu nene, buti na barakoa. Chanjo ya homa ya ini B mmalize zote, msiishie sindano ya kwanza. Kisha uliza: ndege hii imetoka wapi? Iliyotoka Dar es Salaam na iliyotoka ng'ambo hazishikwi sawa, na sababu yake ni hatua inayofuata.

Pili, mabaki ya chakula cha ndege za nje. Hapa ndipo ninapotaka mkae sana. Viini vya maradhi ya mifugo hukaa ndani ya nyama na maziwa, vikasafiri navyo. Mwaka 1957 homa ya nguruwe ya Afrika iliingia Ureno kwa njia hiyo: nguruwe wa karibu na kiwanja cha Lisbon walilishwa mabaki ya chakula cha ndege. Uingereza, mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulianzia shamba lililolisha nguruwe mabaki yasiyochemshwa, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa. Sisi nguruwe si mifugo yetu, lakini ugonjwa huo wa pili unashika ng'ombe na mbuzi, na hao tunao kila shehia.

Basi mabaki hayo yatie mfuko wa kwanza, funga fundo, tia wa pili, funga tena. Mfuko usijazwe hadi juu, maana ukijaa fundo halikazi, na maji ya taka yatakudondokea ngazini. Weka kwenye pipa lenye kifuniko kizito lililoandikwa wazi, lisilopakiwa kitu kingine. Mwisho wake ni kuchomwa kwenye tanuri maalumu, au kuzikwa chini sana mahali palipozungushiwa uzio, au kupikwa kwa mvuke. Sheria ya Marekani, kwa wanaopika, inataka joto la ndani lifike nyuzi 100 kwa dakika 30. Gari la kawaida linalokwenda jaa la Kibele lisichukue mfuko huu.

Tatu, vyenye ncha. Abiria wa kisukari hujidunga sindano safarini na wengine huiacha kwenye mfuko wa kiti. Mwenzangu mmoja aliubana mfuko wa taka kwa kiganja ili ushuke, sindano ikapenya glavu. Aliona haya kusema, akaja kuniambia kesho yake asubuhi. Tangu siku hiyo siruhusu mtu kubana mfuko kwa mkono wala kwa goti. Sindano iende kwenye kisanduku kigumu, na kikifika robo tatu kifungwe. Ukichomwa, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue wala usinyonye, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa ni hasara yako.

Nne, uwanja wenyewe. Kipande cha chuma cha urefu wa sentimita 43 hivi kilichoanguka kwenye njia ya kurukia ndicho kilichopasua tairi la ndege ya Concorde kiwanjani karibu na Paris, 25 Julai 2000. Walikufa watu 113. Kwa hiyo mfuniko wa chupa, skrubu, kamba ya sanduku, okota. Na mapipa yafunikwe kwa ajili ya kunguru. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na leo wanazifuata taka hadi njia ya kurukia. Mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unashauri jaa lisiwe ndani ya kilomita 13 kutoka kiwanjani.

Tano, mafuta. Mafuta yanayokingwa chini ya tangi kwa ukaguzi yasimwagwe chini hata kikombe. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, maji hupita mara moja, na visima vyetu viko humo humo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbweni:* Mwalimu, mikate iliyofungwa na matunda mazima, kuyachoma si israfu?

Ni israfu, bibie, na inaniuma. Lakini dawa yake iko mwanzo wa safari: shirika lipakie chakula kwa hesabu ya abiria. Kikishashuka hapa kutoka ng'ambo, hakitoki getini, si kwa mtu wala kwa kuku.

*Mwanachama wa Chake Chake:* Sisi hatuna tanuri, Mwalimu. Tuchome kwenye pipa?

Hapana, kaka. Pipa haliwi na moto wa kutosha: plastiki hutoa moshi wa sumu na nyama hubaki mbichi katikati. Tanuri la kweli hufika nyuzi 850 na kuzidi. Ndege zenu nyingi ni ndogo na za ndani ya nchi, taka zake ni za kawaida. Tengeni chupa na makopo. Ikija ya nje, funga mifuko miwili na mpate kibali cha daktari wa mifugo kabla ya kuisafirisha.

*Mwanachama wa Kiembe Samaki:* Pawabenki iliyovimba, iliyoachwa kwenye ukaguzi, niitupe wapi?

Usiitoboe, usiitie kwenye taka, usiichaji kuijaribu. Iweke peke yake kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje, kivulini, mbali na mafuta. Kisha mwite mtu wa zimamoto aje aione ilipo, usiibebe mfukoni kumpelekea.