Celica inakula oili: mambo ya kukagua kabla fundi hajafungua injini

Ukiwa na Toyota Celica ya toleo la mwisho, zile za 1999 hadi 2006, jambo la kwanza utakaloambiwa gereji ni kwamba injini ifunguliwe. Usikubali haraka. Fuata mpangilio huu, wa gharama ndogo kwenda kubwa.

Hatua ya 1: Ijue injini. Soma kibao cha chesisi chini ya boneti. ZZT230 ina injini ya 1ZZ-FE, ZZT231 ina 2ZZ-GE. Zote ni za lita 1.8, ila magonjwa yao si sawa. 1ZZ imefungwa pia kwenye Allion, Premio na Wish za lita 1.8 za miaka hiyo, kwa hiyo fundi yeyote wa Ngamiani hapa Tanga aliyezoea Premio anaimudu, na spea zake si za kuhangaikia. Kwa 2ZZ, spea ziwe mkononi kwanza ndipo spana iguse injini.

Hatua ya 2: Pima ulaji. Egesha pahala tambarare, zima, subiri dakika 10, jaza oili hadi alama ya juu ya dipstiki. Andika kilomita. Tembea km 1,000 huku ukichungulia dipstiki kila unapojaza mafuta, kisha ongeza kwa kopo lenye vipimo hadi alama ileile. Ulichoongeza ndicho kilicholiwa. Usingoje taa ya oili: taa ile inasoma presha, haisomi kiwango. Ikiwaka, vyuma vimeshaanza kusagana. Kumbuka 1ZZ hubeba lita 3.7 tu pamoja na filta, na 2ZZ lita 4.4.

Hatua ya 3: Tafuta uvujaji. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, ni kazi ndogo. Inayosahaulika ni oringi (raba ya duara) ya tensiona, kifaa kinachokaza cheni ya injini. Ikikauka, oili hushuka ubavuni mwa injini na watu hudhani ni sili ya krenki, shafti kuu ya injini. Tensiona inashikwa na nati mbili za spana namba 10. Ukishaitoa, mtu yeyote asizungushe injini, maana cheni itaruka meno. Safisha, weka oringi mpya, sukuma pini ya ndani irudi yote, ifunge kwa ndoano yake, ndipo uirudishe. Kaza nati taratibu, zinataka Nm 9 tu kwa spana ya kupimia mkazo. Mwisho zungusha krenki kidogo kinyume na saa ili ndoano iachie, kisha irudishe kwa mwendo wa saa na uhakikishe cheni imekazika.

Hatua ya 4: Kama hakuna panapovuja, inaungua ndani. Anza na valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue: itoe, itikise. Isipogonga, imeziba, nunua nyingine. Ulaji ukiendelea kwenye 1ZZ ya kabla ya 2003, shuku pistoni. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni hizo ni madogo na machache, masizi huyaziba, ringi ya oili inaganda, na oili inabaki ukutani mwa silinda hadi iungue. Hapa mafundi wengi hukosea: wanapima kompresheni, wanakuta iko juu ya psi 145 na silinda hazipishani zaidi ya psi 15, wanasema ringi ni nzima. Kompresheni inashikwa na ringi mbili za juu. Ile ya oili yaweza kuganda kabisa na kipimo kikabaki kizuri.

Gharama ipige hivi. Gari likila lita 1 kwa km 1,000, na wewe unatembea km 12,000 kwa mwaka, hizo ni lita 12 za kuongezea. Zidisha kwa bei ya lita dukani kwako. Halafu omba gereji bei ya ringi, gasketi na ufundi, kila kimoja peke yake. Chini ya kiwango hicho, mimi ningeongezea oili na kuendelea. Juu yake, kataliti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, huziba na plagi hazidumu, kwa hiyo kufungua kuna maana. Ukifungua, weka pistoni za muundo mpya. Ringi mpya juu ya pistoni za zamani zitaganda tena.

Hatua ya 5: Kwa 2ZZ pekee. Injini ikiwa ya moto, ikapita mizunguko 6,200 kwa dakika bila nguvu kuongezeka, kagua kiwango cha oili, kisha fungua tapeti kava uangalie bolti mbili zinazopeleka oili kwenye roka, mikono inayosukuma valvu. Bolti za matoleo ya mwanzo hulika na kukatika. Badilisha zote mbili, na zilizokatika zitolewe vipande vyote. Na kwenye gia za mkono, kuingiza ya pili ulipokusudia ya nne huzidisha mizunguko na kuweza kupasua pampu ya oili.

Hatua ya 6: Kutu. Chumvi ya bahari haina huruma, hasa kwa gari linalolala Raskazone. Lipandishe jeki, liweke kwenye stendi, gonga kwa bisibisi matao ya magurudumu ya nyuma, kingo za chini ya milango na mabomba ya breki. Bomba lililochubuka kutu hubadilishwa, halipakwi rangi. Zibua matundu ya maji chini ya milango, na osha tumbo la gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila wiki.