Utafiti wa sheria ya Ulaya ukiwa Dodoma: anza na ndoo ya asali

Kila mwaka, wiki ya kuwasilisha mada ikifika, naletewa kichwa kile kile: "Nafasi ya Sheria ya Umoja wa Ulaya katika Biashara ya Kimataifa." Nakirudisha. Si kwa ubaya, ila hakina swali ndani yake, na mwanafunzi asiye na swali huishia kudesa vitabu vya watu mpaka kurasa zitimie. Mimi nasimamia tasnifu za sheria hapa Dodoma, na wanaopangiwa kwangu ni wale wanaotaka sheria ya kimataifa na ya Ulaya. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hawajaandika sentensi ya kwanza.

Tafuta kitu kinachotoka huku kwetu ambacho sheria ya kule inakigusa. Wengi hukimbilia kahawa kwa sababu ya Kanuni 2023/1115 ya Umoja wa Ulaya inayohusu ukataji wa misitu. Mada nzuri, lakini tarehe za kanuni ile kuanza kutumika zimesogezwa zaidi ya mara moja, na unaweza kumaliza sura ya tatu ukakuta sura ya pili imepitwa na wakati. Mimi napenda asali. Manyoni na Itigi ni safari ya basi tu kutoka hapa, wafugaji wa nyuki wapo, na sheria yenyewe ni fupi kiasi cha kusomwa kwa mkao mmoja: Maelekezo 2001/110/EC ya tarehe 20 Desemba 2001.

Fungua EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya. Ni bure, haihitaji akaunti ya chuo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika 32001L0110. Namba hiyo inasomeka hivi: 3 ni sheria iliyotungwa na taasisi za Umoja, 2001 ni mwaka, L ni maelekezo (ingekuwa kanuni ungeona R), na 0110 ni namba yake. Ukishaizoea hutahangaika tena na Google. Juu ya ukurasa tazama kama kuna kidoti cha kijani, maana yake sheria bado inatumika. Kisha fungua toleo lililounganishwa na marekebisho yote, kwa sababu maelekezo haya yamerekebishwa, mara ya karibuni na Maelekezo 2024/1438 yanayotaka lebo ya asali mchanganyiko itaje nchi zilikotoka asali hizo. Toleo hilo lisome ili uelewe, ila kwenye tanbihi taja sheria ya awali na marekebisho yake. Toleo lililounganishwa ni msaada kwa msomaji, halina nguvu ya kisheria lenyewe. Watahini wanapenda sana kuuliza hapo.

Usiishie kwenye vifungu, shuka mpaka viambatisho. Kiambatisho cha pili ndicho chenye utamu: unyevu wa asali usizidi asilimia 20, na kiambata kiitwacho HMF kisizidi miligramu 40 kwa kilo, isipokuwa asali iliyotangazwa kuwa inatoka nchi za joto, ambayo inaruhusiwa hadi 80. HMF huongezeka asali inapopashwa moto au inapokaa muda mrefu mahali penye joto. Sasa fikiria ndoo za plastiki zimepangwa barabarani juani, au mfanyabiashara anayechemsha masega ili nta ijitenge haraka. Swali la utafiti hilo hapo linajiandika: je, kiwango hicho cha 80 kinatosha kumlinda mzalishaji wa nchi ya joto, au kinamwadhibu kwa hali ya hewa aliyozaliwa nayo? Swali la namna hiyo lina pande mbili, lina kifungu, na lina watu wa kuwahoji.

Hapo hapo wengi hujikwaa. Maelekezo hayafanani na kanuni. Ibara ya 288 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya inasema kanuni inatumika moja kwa moja katika nchi zote wanachama, lakini maelekezo yanaifunga nchi kwa matokeo tu, namna na njia inachagua yenyewe. Kwa hiyo mnunuzi wa Hamburg hatakukamata kwa Maelekezo 2001/110, atakukamata kwa sheria ya Ujerumani iliyotungwa kuyatekeleza. EUR-Lex inaorodhesha hatua hizo za kila nchi. Chagua nchi moja. Moja inatosha.

Kisha uliza kikwazo kiko wapi hasa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, hivyo kwa mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Kila Kitu Isipokuwa Silaha bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru. Maana yake anayelalamikia ushuru wa asali kwenye tasnifu yake hajasoma. Tatizo likiwepo litakuwa kwenye viwango, vipimo na orodha ya nchi zinazoruhusiwa kupeleka bidhaa za wanyama. Jambo hilo hilo linakueleza kwa nini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya uliwagawa majirani. Kenya haimo kwenye kundi hilo la nchi, ilikuwa na maua yake ya kuyatetea yasitozwe ushuru. Ikausaini Septemba 2016 pamoja na Rwanda, na baadaye ikaingia mkataba wake yenyewe na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sisi tulikataa. Wabunge waliujadili humu humu Dodoma Novemba 2016, na Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ni chanzo cha kwanza kabisa ambacho wenzako wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, hawakisomi kwa sababu kiko kwa Kiswahili. Kitumie. Anzia Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, inayolipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba.

Asiyependa biashara achukue mahakama. Ila kwanza zitenganishe: iliyoko Luxembourg ni ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Strasbourg ni ya haki za binadamu na iko chini ya Baraza la Ulaya, chombo kingine kabisa chenye wanachama 46, na iliyoko The Hague inayosikiliza nchi kwa nchi ni ya Umoja wa Mataifa. Kuzichanganya kwenye muhtasari ni kujichongea. Mlinganisho ninaoupenda ni wa nani ana haki ya kushtaki. Katika shauri la Plaumann, 25/62, huko Luxembourg, muagizaji wa matunda wa Ujerumani alikataliwa mwaka 1963 kwa sababu uamuzi alioupinga haukumgusa yeye kwa namna ya pekee, kuagiza matunda ni kazi anayoweza kuifanya yeyote. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Afrika Mashariki inamfungulia mlango mkazi yeyote wa nchi mwanachama. Ndiyo maana shirika la kutetea wanyama lililoko Nairobi liliweza kuishtaki Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha kuhusu barabara ya Serengeti, na Juni 2014 likashinda. Na bado pande zote mbili zinampa mlalamikaji miezi miwili tu ya kufungua shauri. Mlango mmoja mpana, mwingine mwembamba, saa ni ile ile: kwa nini? Ningesimamia tasnifu hiyo kesho asubuhi.

Hukumu zenyewe utazipata mtandaoni: za Luxembourg kwenye CURIA, za Strasbourg kwenye HUDOC, za kwetu TanzLII. Programu ya akili mnemba ikikutajia shauri, tafuta namba yake huko. Isipoonekana, usilitaje shauri hilo, hata kama majina ya wadaawa yanapendeza.

Kuhusu njia ya utafiti nina ugomvi wa kudumu na dodoso. Kumgawia mzee wa Itigi karatasi inayomuuliza "unakubaliana kwa kiasi gani na sheria ya Ulaya" ni kumpotezea muda. Hii ni kazi ya kusoma sheria, ikisindikizwa na mahojiano machache: mfugaji nyuki mwenye mizinga ya magogo, mnunuzi, afisa nyuki wa wilaya, mtu wa wizarani. Barua inatoka chuoni, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Ukienda Mji wa Serikali Mtumba, barua unaiacha masijala. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwako, halafu siku ukipiga simu utaje kumbukumbu namba. Bila namba utaambiwa urudi wiki ijayo, na bumu lako, yaani mkopo wa chuo, halijui habari za wiki ijayo.

Kijijini usianze na sheria. Muulize mzee anavuna lini, anachuja vipi, ndoo anaziweka wapi, nani huja kununua na hupima nini kabla hajalipa. Majibu hayo ndiyo utakayoyarudisha mezani na kuyalinganisha na kiambatisho cha pili, kipimo kwa kipimo.

Bando likiwa dogo, pakua PDF zote chuoni na uzipe majina yenye namba ya sheria, si "document(14)". Tanbihi ziandike siku hiyo hiyo unaponukuu, na kwa hukumu taja namba ya aya. Steshenari peleka PDF, usipeleke Word, maana kompyuta zao hubadilisha fonti na tanbihi zinahamia ukurasa mwingine. Nakala ya kwanza ikague yote kabla hujasema zingine zifungwe.