Kabla ya Kuunganisha Bodi Inayowaka na Iliyozimwa

Kuzima bodi ya kielektroniki hakutoshi kuifanya isiwe na umeme. Ikibaki imeungwa na bodi inayowaka kwa waya wa data, umeme huingia kupitia pini, hupita kwenye dayodi ya kinga (kipitishi cha mkondo wa upande mmoja) iliyomo ndani ya chipu na kufika kwenye laini chanya ya umeme ya bodi iliyozimwa. Pini ya volti 3.3 inaweza kuiacha laini hiyo na volti 2.7 hivi. Hapo chipu haijazimika wala haijawaka: taa inafifia, programu inaganda, na ukiiwasha tena haianzi upya kwa sababu volti hazikushuka hadi sifuri. Wengi huhangaika na programu, kumbe tatizo liko kwenye waya.

Pima kwanza. Zima bodi moja, acha waya za data zilivyo, subiri sekunde chache kapasita zipoteze chaji, kisha weka multimita kati ya laini chanya na graundi (upande hasi) ya bodi iliyozimwa. Kipimo kisipokaribia sifuri, chomoa waya wa data mmoja mmoja. Ule unaokishusha ndio unaolisha. Mara nyingi ni waya wa kutuma wa UART (mawasiliano ya data biti moja moja), maana hata usipotuma kitu pini yake hukaa kwenye volti ya juu.

Rezista ya ohmu 1,000 kwenye waya huo hushusha mkondo hadi kama miliampea 2.7, ya ohmu 10,000 hadi 0.27, ila ishara za kasi huharibika. Tahadhari: rezista hupunguza tu, na chipu zinazotumia umeme kidogo huamka hata kwa huo. Kuziba kabisa kunahitaji bafa, yaani chipu ndogo inayokaa katikati ya waya wa data na kupitisha ishara, kama 74LVC1G125, iliyopewa umeme na bodi ile inayozimwa. Bafa hiyo ikikosa umeme, pini zake hazipitishi.

Kwenye I2C (mawasiliano ya chipu kwa waya mbili), rezista za kuvuta juu, zinazounganisha waya hizo na laini chanya, zifungwe kwenye laini chanya ya bodi inayozimwa, la sivyo zitalisha muda wote. Na programu ya bodi inayobaki ikiwaka ishushe pini zake za kutoa hadi sifuri kabla ya kukata umeme wa bodi nyingine.

Swichi ikate laini chanya. Ukikata graundi, mkondo utatafuta njia ya kurudi kupitia waya za data. Ukitumia MOSFET (transista inayofanya kazi kama swichi), moja haizuii umeme unaorudi, kwa kuwa ina dayodi ndani yake; funga mbili zikielekeana kinyume.