Ukiingia kanisa la zege, anza na dari

Kabla hujapanda treni kwenda Nairobi kuliona Kanisa Kuu la Familia Takatifu, ingia kwanza nyumba ya chokaa Mji wa Kale, hapa hapa Mombasa. Tazama juu. Boriti za mkoko zimelala ukuta hadi ukuta. Pima upana wa chumba: hatua tatu, nne, basi. Mimi ni fundi mwashi, nimebadilisha boriti nyingi zilizoliwa na mchwa, na vijana wa kwaya yetu huwaambia hivi: aliyeamua upana wa chumba ni mti, si mwenye nyumba.

Jiwe nalo lina tabia yake. Hustahimili kubanwa, halistahimili kuvutwa. Pita Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah, uyatazame matao: yamepindwa ili kila jiwe limkandamize jirani yake.

Sasa nenda Nairobi. Familia Takatifu ilichorwa na msanifu Dorothy Hughes, ikajengwa kati ya 1960 na 1963. Usikimbilie kuketi. Simama nyuma kabisa, ufuate uzito kwa macho: dari, nguzo, sakafu. Zege linabeba kubanwa, chuma kilichomo ndani kinabeba kuvutwa. Ndiyo maana maelfu ya watu wanasali chini ya paa moja. Msanifu Mfaransa Auguste Perret alikwisha kulionyesha hilo kwa kanisa alilolijenga kule Raincy, karibu na Paris, mwaka 1923: nguzo zake nyembamba zilibeba kila kitu, ukuta ukaachiwa vioo vya rangi. Kwangu mimi huo ndio uzuri wenyewe.

Altare pia uitazame. Kanisa lilikamilika wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki (1962–1965), ukiendelea, na baada yake padre aligeuka kuwaelekea waumini.

Ukikuta zege lisilopigwa lipu, liguse. Binti mmoja wa kwaya aliwahi kuniita, “Fundi, hapa pana jicho la mti!” Kweli, ubao uliozuia zege lilipomwagwa ulikuwa umeacha nyuzi zake zote, na kifundo cha tawi juu.

Ukirudi pwani, tafuta michirizi ya kutu. Chumvi ya bahari hupenya, chuma hushika kutu na kuvimba, zege likapasuka. Niliwahi kuona ufa wa namna hiyo ukifichwa kwa lipu. Mvua za masika zikaibandua. Gonga kwa nyundo ndogo. Pakilia kama kitu kitupu ndani, bomoa mpaka chuma king’ae, ndipo uzibe.